Spirited Away: mtoto wa umri gani aitazame?

Katuni hii ya Hayao Miyazaki ilitoka Japani mwaka 2001, ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2003, na tangu 2020 Netflix ikaanza kuionyesha hata huku Afrika. Ndivyo ilivyoingia sebule nyingi za Mombasa. Mzazi anaona picha ya msichana mdogo na rangi za kupendeza, anabonyeza, anarudi jikoni. Marekani na Uingereza zimeipa PG, yaani mwongozo wa mzazi, na alama hiyo inamshauri mzazi awe karibu. Herufi hizo mbili hazimwambii awe karibu na mtoto wa miaka mingapi, wala katika sehemu gani ya filamu.

Hukumu tuitoe mapema. Chini ya miaka sita, asitazame. Miaka sita na saba, atazame mtu mzima akiwa ameketi naye mkeka mmoja. Kuanzia minane hadi kumi na miwili, hao ndio wenye filamu. Na kinachotufanya tukate hivyo si mazimwi, ingawa yapo tele. Ni wale wazazi wawili wa mwanzoni.

Chihiro ana miaka kumi. Anahama mji na wazazi wake, baba anapotea njia, wanapita kwenye handaki na kutokea penye mikahawa isiyo na watu. Chakula kimejaa, kingali moto, mwenyewe hayupo. Baba asema hakuna shida, pesa anazo na kadi pia, atamlipa mwenyewe akija. Wanakula kwa mikono miwili. Chihiro anakataa, anaondoka kidogo, na anaporudi anakuta nguruwe wawili wamevaa nguo za babake na mamake. Mmoja anageuza uso, anachapwa, anaanguka chini na sahani. Robo saa ya kwanza haijesha.

Mtu mzima hapo anasoma tamaa mbele, mauti nyuma. Mtoto wa miaka minne hasomi hilo. Kwa umri wake, kilichobadilika sura kimekuwa kitu kingine kweli, na mama aliyegeuka ameondoka kweli. Ukimwambia "ni katuni tu" anaitikia kwa mdomo, usiku anaamka kuja kukagua kama bado una uso wako. Huku kwetu pana uzito wa ziada: mtoto wa nyumba ya Kiislamu amesikia tangu hajaanza chuo cha Kurani kwamba nguruwe ni najisi. Kwake yeye, wazazi hawakugeuzwa mnyama tu. Wamegeuzwa mnyama ambaye hata kumgusa ni neno. Mtoto wa Ulaya aliyekua na vitabu vya nguruwe wa kuchekesha hapati mshtuko huo kwa kiasi hicho.

Kisha jua linazama. Taa zinawaka, vivuli vyeusi vinajitokeza mikahawani, uwanda wa nyasi umekuwa maji, na chombo kinatia nanga kikishusha wageni wenye vinyago. Mtoto wa Mombasa ambaye bibi yake humwita ndani kila magharibi, asibaki ufukweni saa za majini, anaiona filamu ikisema maneno yaleyale ya bibi. Kwa mwenye miaka tisa hilo ni tamu, ni hofu anayoijua. Kwa mwenye mitano ni ushahidi.

Dawa ya hapa ni rahisi, na watu wengi huikosea kwa kuogopa kuharibu utamu. Kwa mtoto wa miaka sita au saba, mwambie mwisho kabla hujaanza: wazazi wanarudi, wako salama, wanaondoka wote watatu na gari lao. Umri huo haupotezi raha kwa kujua mwisho. Mpakate wakati wa nguruwe badala ya kumwelezea. Mwili unatuliza kuliko maneno. Onyesha mchana, baada ya adhuhuri tuseme, dirisha likiwa wazi, na sauti uipunguze kwenye magharibi hiyo, kwa sababu nusu ya hofu imo kwenye muziki.

Sehemu ya kati inafanyika kwenye hamamu kubwa ambako mizimu huja kuoga. Yubaba, ajuza mwenye hamamu, anampa Chihiro kazi na kumnyang'anya jina. Anabaki kuitwa Sen. Wadogo hupotea hapa. Wanauliza Chihiro amekwenda wapi, na huyu Sen ni nani. Simamisha filamu, eleza kwa sentensi moja, endelea. Usitafsiri juu ya sauti, maana mtoto anakosa mawili kwa wakati mmoja. Kuhusu lugha, aliye gredi ya tatu kushuka hawezi kufuata maandishi ya chini ya skrini, kwa hiyo chagua sauti ya Kiingereza. Aliyezoea kusoma apewe sauti ya Kijapani. Ni bora.

Tukio zuri kuliko yote kwa watoto wetu ni la mgeni anayenuka. Anaingia kama mlima wa matope, wahudumu wanaziba pua, Sen anaachiwa amwogeshe. Ndani ya maji anagusa kitu kama mwiba ubavuni. Ni usukani wa baiskeli. Kamba inafungwa, hamamu nzima inavuta, na baiskeli inatoka ikifuatwa na takataka chungu nzima, mpaka anabaki uso wa mzee unaotabasamu: alikuwa mto, uliochafuliwa na watu. Mtoto aliyeona chupa na mapande ya nyavu yaliyonasa kwenye mizizi ya mikoko ya Tudor hahitaji kufafanuliwa. Mwache aseme mwenyewe.

Baada ya hapo Sen na Lin, mhudumu mwenzake, wanaketi roshani usiku, wanakula, treni inapita juu ya maji kwa mbali. Kata hapo. Filamu ina zaidi ya saa mbili kidogo, na hiki ndicho kituo chake cha asili: kazi imekwisha, tumbo limeshiba, hakuna aliye hatarini mbele ya macho. Kesho utaendelea. Ukipitiliza dakika chache tu umeingia kwa Kaonashi, Asiye na Uso, na huyo hakatiki vizuri.

Kaonashi anagawa dhahabu bandia, wahudumu wanamlundikia vyakula, anavimba, anammeza chura na wahudumu wengine wawili, kisha anatapika utandu mweusi akimkimbiza Sen kwenye ngazi. Waliomezwa hutoka wazima. Mwambie mdogo hilo mapema. Lakini linalostahili onyo zaidi ni Haku, mvulana rafiki yake Sen, ambaye akiwa joka anachanwa na ndege wa karatasi. Damu inamtoka mdomoni, inaruka ukutani. Si katuni nyingi za watoto zinazoonyesha damu namna hiyo, na mtoto mwepesi wa kuonea huruma wanyama atalia kwa joka kuliko alivyolia kwa nguruwe. Kuna pia mtoto mchanga jitu anayetishia kumvunja Sen mkono asipocheza naye, na Yubaba anayevuta sigara na kumfunga mdomo kwa uchawi kama zipu. Matusi hakuna. Busu kati ya Chihiro na Haku hakuna. Mapenzi yao ni ya marafiki.

Suala la dini lisikwepwe. Neno la Kijapani *kami*, ambalo Kiingereza huliita mizimu, laweza pia kumaanisha miungu, na mtoto wa miaka kumi anayesoma chuo au Sunday school atauliza kama mto una mungu wake. Filamu haimfunzi mtazamaji ibada. Wahudumu huinama kukaribisha wateja, adabu ya Kijapani. Tunaona inatosha kumwambia kabla kwamba hizi ni hadithi za Wajapani, kama sisi tulivyo na za majini wa baharini, na imani yetu iko pale pale. Familia ambayo hairuhusu kabisa hadithi za pepo, filamu hii siyo yao, kwa sababu ukiwatoa pepo hakibaki kitu.

Wa miaka kumi na mitatu kwenda juu huenda akaikataa kwa kuona katuni. Mwanzishie kwa Haku: yeye ni mto uliofukiwa kujengwa nyumba, na Yubaba amemnyang'anya jina mpaka akalisahau. Huyo ataketi.

Kasoro moja ya kujiandaa nayo iko mwishoni. Yubaba anampanga Chihiro mbele ya kundi la nguruwe achague wazazi wake, naye anajibu kwamba hawamo. Ni kweli, anashinda, na filamu haielezi alijuaje. Kila mtoto atakuuliza. Wazazi nao wanarudi bila kukumbuka chochote, wanamhimiza binti yao afanye haraka. Mdogo wa miaka saba huona hilo ni dhuluma, kwamba Chihiro ameteseka wote ule na hakuna wa kumwambia pole. Akinuna, mwache asimulie yeye kisa chote, tangu handaki mpaka handaki, kama vile wewe ndiye mama uliyesahau.