Kamera za Filamu za Picha Pana: Ipi Ununue kwa Picha za Mtaani na Safarini

Anayetafuta kamera ya filamu ya picha pana hana budi kuamua jambo moja kabla ya kuuliza bei, nalo ni kama anataka lenzi inayozunguka au lenzi iliyotulia. Katika aina ya kwanza, lenzi imo ndani ya pipa dogo ambalo huzunguka na kupitisha mwanga kwenye mwanya mwembamba, kutoka ukingo mmoja wa filamu hadi wa pili. Katika aina ya pili, fremu nzima hupigwa kwa mkupuo kama ilivyo kwa kamera ya kawaida, ila ni ndefu zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utasimama wapi mtaani na umbali gani na watu. Kwa kuwa nimezipanga kamera hizi kwa matumizi ya mtaani na safarini, si kwa ukali wa lenzi peke yake, iliyo ghali zaidi haikushika nafasi ya kwanza.

Nafasi hiyo naipa Horizon 202, kazi ya kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, Urusi. Lenzi yake ya milimita 28 hufagia nyuzi 120 hivi, na fremu yake ni milimita 24 kwa 58 kwenye filamu ya kawaida ya milimita 35. Haitumii betri kabisa, hivyo msafiri aliye mbali na duka hana wasiwasi, ingawa atalazimika kukadiria mwanga mwenyewe au kubeba kipimamwanga. Jambo linaloniridhisha zaidi ni pimamaji yake, ambayo huonekana ndani ya kitazamio. Ukiinamisha kamera ya lenzi inayozunguka, upeo wa macho hupinda kama upinde. Ukiisawazisha, upeo hunyooka, lakini mistari mingine ya mlalo iliyo juu na chini yake bado hupinda. Ndiyo maana ukisimama Forodhani ukiutazama ukuta wa bahari uso kwa uso, utapata ukuta uliovimba katikati, ilhali kwenye njia panda ndani ya Mji Mkongwe vichochoro viwili vinavyoachana vitaingia katika fremu moja bila kasoro ya kuudhi. Vilevile, kwa kuwa picha hupigwa kipande baada ya kipande, gari ambalo taswira yake inasogea kuelekea mwanya unakokwenda litarefuka, na linalokwenda kinyume litafupika. Wapo wanaolichukia jambo hilo. Kwangu ni nusu ya raha yenyewe.

Udhaifu wake ni uwekaji wa filamu, ambayo lazima ipite chini ya roli za mwongozo pande zote mbili, na baadhi ya kamera huvujisha mwanga. Ndugu yake wa bei nafuu, Horizon Kompakt, simpendekezi kwa jua la pwani: ana tundu moja tu la kupitishia mwanga, la f/8, na kasi mbili za kupiga, 1/60 na 1/2 ya sekunde, kwa hiyo mchana mweupe filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) hupata mwanga zaidi ya mara 6 ya unaohitajika. Filamu ya rangi ya negativu huweza kustahimili, ila ya slaidi, ambayo picha yake hutazamwa kwenye filamu yenyewe, itaungua.

Ya pili ni Hasselblad XPan, iliyotoka mwaka 1998 kwa ushirikiano na Fujifilm, na ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Fuji TX-1. Lenzi yake haizunguki, hivyo majengo hubaki yamenyooka na sura za watu hazivurugiki. Fremu yake ni milimita 24 kwa 65, na unaweza kurudi kwenye fremu ya kawaida katikati ya mkanda uleule. Mkanda wa picha 36 hutoa picha pana 21. Kamera hii hutoa filamu yote mwanzoni, kisha huirudisha ndani ya kopo picha moja baada ya nyingine, kwa hiyo mfuniko ukifunguka kwa bahati mbaya, ulizokwisha kupiga zimesalimika. Kwa kazi yenyewe haina mpinzani. Lakini inategemea elektroniki ambazo vipuri vyake ni adimu sana, na ikizimika huenda fundi asiwe na la kufanya. Kama bei yake ni akiba yako yote, iache.

Widelux F7 na F8 za Japani, zenye lenzi inayozunguka, ambazo mwigizaji Jeff Bridges amezitumia kwa miaka mingi, nazipa nafasi ya tatu. Hufagia nyuzi 140, upana unaotosha kuviingiza vidole vyako mwenyewe kwenye picha, na zina kasi 3 tu: 1/15, 1/125 na 1/250. Pipa likichoka huzunguka kwa kusitasita na kuacha michirizi ya wima. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya anga tupu iliyopigwa kwa kamera hiyohiyo, kwa sababu michirizi hujificha penye watu na majengo, ila angani haina pa kujificha.

Linhof Technorama 617 na Fuji GX617 hutoa picha 4 tu kwa mkanda wa 120, aina ya filamu iliyo pana kuliko ya milimita 35. Ni za mandhari na stendi. Swichi ya picha pana kwenye kamera ndogo za miaka ya 1990 haiongezi upana wowote, bali huziba juu na chini ya fremu ya kawaida.

Kamera yoyote utakayochagua, muulize mapema anayekusafishia filamu kama skana yake inapokea fremu ndefu, na umwandikie kwenye bahasha kwamba mkanda usikatwe, kwani aliyezoea vipande vya fremu za kawaida atapitisha mkasi katikati ya picha zako.