Huduma ya Kuchoma Sanamu za Udongo, Barabara ya Ngong

Anayefinyanga sanamu zenye kisa hapa Nairobi hupata taabu kubwa kwenye kuchoma, kwa kuwa matanuri mengi yamezoea vikombe na vyungu vya maua. Karakana ninayoizungumzia, iliyo kando ya Barabara ya Ngong, imenihudumia vyema isipokuwa katika jambo moja.

Kazi niliyoipeleka ilichochewa na Jack Earl, mfinyanzi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1934 Ohio, ambaye aliwafinyanga watu, mbwa na nyumba za mashambani kwao kwa kauri, ile ile iliyopamba majumba ya kifalme ya Ulaya, na kuzipa kazi zake majina marefu yanayokaribia kuwa hadithi. Mwaka 1974 alikuwa mmoja wa wasanii wawili wa kwanza kukaribishwa kufanya kazi katika kiwanda cha Kohler, Wisconsin, kinachotengeneza masinki na vyoo. Mimi nami niliwafinyanga wazee wawili wakingoja gari la maziwa, mmoja ameegemea baiskeli, mwingine ameweka kidole gumba juu ya kifuniko cha mtungi.

Fundi aliigusisha sanamu kwenye shavu lake na kuhisi bado ina ubaridi, dalili ya unyevu uliobaki ndani, ambao ukigeuka mvuke tanurini huipasua kazi vipande vipande. "Mama, huyu mzee ni mzito tumboni, tumtoboe kwa chini?" Nilikubali, akamchokoa udongo wa ndani, akaiacha ikauke, kisha akaliweka tanuri chini ya nyuzi 100 usiku kucha. Alilipandisha polepole pia karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za kwatzi, madini magumu yapatikanayo pia mchangani, zilizomo katika udongo hutanuka ghafla. Kidole gumba kilitoka kizima, na usukani wa baiskeli, mwembamba kama penseli, haukupinda.

Kasoro iko kwenye gilezi, yaani mpako unaoyeyuka tanurini na kuwa kama kioo juu ya udongo. Waliipaka nzito na yenye kung'aa mno, ikajaza makunyanzi ya nyuso niliyoyachonga kwa sindano, na wazee wakaonekana vijana. Katika sanamu ya kisa uso ndio unaosimulia, kwa hiyo hasara hiyo si ndogo.

Malipo hukadiriwa kwa nafasi ya rafu, na tanuri haliwashwi mpaka lijae. Mwenye haraka asiahidi tarehe. Kwa kuchoma ningewapelekea tena bila kusita, lakini rangi nitapaka mwenyewe, na gilezi nitaruhusu kwenye mtungi peke yake.