NBA au kikapu cha vyuo: ufuatilie kipi?

Kila Machi ubishi huu hurudi, nami huwa sina jibu moja.

Kwa ubora wa mchezo, NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, haina mpinzani. Dakika 48, sekunde 24 tu za kushambulia, na kila mchezaji anajua kuadhibu kosa dogo la ulinzi. Vyuo vya huko kwa wanaume hucheza dakika 40 na timu hupewa sekunde 30, kwa hiyo mpira huzungushwa zaidi na mitupo mingi hukosa.

Lakini msisimko! Mashindano ya Machi ya kutafuta bingwa wa vyuo yana timu 68, na ukifungwa mara moja umetoka. Mwaka 2018 chuo cha UMBC, waliopangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kanda yao, waliwatoa Virginia wa nafasi ya kwanza; 2023 Fairleigh Dickinson wakawafanyia Purdue vivyo hivyo. NBA, kwenye mtoano, huamua kwa ushindi wa mechi nne kati ya saba, na mara nyingi aliye bora hupita. Ni haki zaidi, ila moyo haudundi vile.

Kumzoea mchezaji ni shida kote. Vyuoni siku hizi wanahama ovyo kila msimu, na hilo linaniuma kweli. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania, alikaa chuo cha Connecticut miaka mitatu kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Tulipata muda wa kumwona akikua.

Kama una wiki tatu tu za kukesha, chagua vyuo. Kama unataka kujifunza mchezo wenyewe, mechi 82 za NBA zinakungoja.