Darubini ya kwanza kwa anga letu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Jibu fupi kwa aliye na haraka: ukiwa na dola 200 hadi 300, nunua darubini ya kioo (inayokusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia, si kwa lenzi) ya kuweka mezani, Sky-Watcher Heritage 130P. Ukiwa huna kiasi hicho, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50) na usione haya. Nyingine nitakazozitaja zina wenyewe, ila zinasubiri nyuma ya hizo mbili.

Jibu refu linaanzia kwenye boksi. Maboksi mengi utakayoyakuta Kariakoo ya Dar, Luthuli ya Nairobi au kwenye maduka ya mtandaoni yameandikwa kwa herufi kubwa "525x" au "675x", na pembeni wameweka picha ya Zohali iliyopigwa na chombo kilichokwenda huko huko. Namba hiyo ipuuze. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu: urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo au lenzi hadi mwanga unapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya kuchungulia. Darubini ya fokasi ya milimita 650 ukiiwekea lenzi ya milimita 25 inakuza mara 26. Ukiweka ya milimita 10, mara 65. Kiwanda chochote kinaweza kutia ndani kilenzi cha milimita 4 na Barlow ya mara tatu (lenzi ya ziada inayozidisha ukuzaji), kikapata namba ya kutisha. Kinachoweka mpaka ni kipenyo cha kioo au lenzi kubwa ya mbele: ukuzaji wenye faida hauzidi sana mara mbili ya kipenyo hicho kwa milimita. Darubini ya milimita 70 inaishia kwenye mara 140, tena hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Kwa hiyo soma kipenyo kwanza. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya milimita 70, na kwa nyota hafifu mwanga ndio kila kitu. Kisha itazame stendi. Gonga bomba kidogo kwa kidole na uangalie: ikiendelea kutetemeka kwa sekunde nyingi, usiku utakuwa unaisaka sayari ya Mshtarii ikirukaruka, na kila ukigusa kifokasio, kile cha kuzungusha ili picha ikae sawa, unaisubiri itulie.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna jambo jingine, na miongozo ya Ulaya na Marekani haiwezi kukuambia kwa sababu kule si tatizo. Kwetu sayari zinapita juu ya utosi, au karibu na hapo. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu nyuzi 7. Saa ambayo sayari iko mahali pazuri zaidi, ndiyo saa bomba lako linapotakiwa kusimama karibu wima. Stendi ya miguu mitatu ya bei rahisi haipendi mkao huo. Mkia wa bomba unagonga mguu, nawe unapiga magoti chini ukichungulia kwa shingo iliyopinda.

Stendi ya "ikweta", ile yenye uzito wa kusawazisha upande mmoja, inatusumbua zaidi licha ya jina lake. Ekseli yake moja lazima ielekezwe kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka. Kwa mtu wa London ncha hiyo iko juu angani, na nyota ya Kaskazini inamwonyesha. Kwa mtu wa Dar ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba ya jirani, na haina nyota angavu ya kuitambulisha. Tena stendi nyingi za bei nafuu hazilali kiasi hicho. Ukilazimisha, uzito unagonga miguu. Ukiona "EQ", kifupi cha stendi hiyo, kwenye jina la darubini ya kuanzia, pita.

Sasa tuzipange.

1. Sky-Watcher Heritage 130P

Kioo cha milimita 130, fokasi 650, uzito kama kilo sita na nusu. Bomba lake linakunjika: unalivuta juu, unabana skrubu, kazi imekwisha. Likiwa limefungwa halifiki nusu mita, kwa hiyo linaingia kwenye sanduku la ndege au kwenye buti ya gari pamoja na mizigo ya Krismasi. Stendi yake ni ya mbao, ya aina ya Dobson, iliyopewa jina la John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyewafundisha watu wa kawaida kujitengenezea darubini kubwa kwa vitu vya kuokoteza. Unasukuma kwa mkono, juu na chini, kushoto na kulia. Hata bomba likisimama wima, unachungulia kutoka ubavuni, na shingo yako inabaki salama. Astronomers Without Borders, shirika la wapenda nyota, wamewahi kuiuza darubini hii kwa jina la OneSky, kwa hiyo ukiikuta imetumika kwa jina hilo, ni ile ile.

Ina kasoro zake. Inahitaji kitu imara cha kuisimamisha, na meza ya plastiki haifai kabisa. Kreti ya soda iliyopinduliwa, wewe ukikaa kwenye kigoda, inatosha. Bomba liko wazi katikati, kwa hiyo taa ya ulinzi ya jirani inaingia moja kwa moja. Zungushia manila nyeusi. Kifokasio chake ni cha kuzungusha kwenye nyuzi za skrubu, na nyuzi hizo zinalegea. Wenye nayo wanazungushia ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba, duru mbili tatu, na kinakaza vizuri. Dawa ya bei ya soda.

Halafu kuna kupanga vioo. Darubini ya kioo ikisafiri kwenye basi la usiku au nyuma ya bodaboda, vioo vinahama. Kupima ni rahisi: lenga nyota angavu, haribu fokasi kwa makusudi mpaka nyota iwe duara lenye tundu jeusi. Tundu likiwa katikati, vioo viko sawa. Likiwa limeegemea upande, geuza skrubu za nyuma ya kioo kidogokidogo. Wengi wanaogopa jambo hili bure.

Kuna kubwa yake, Heritage 150P, yenye fokasi 750. Kama utatumia gari, ichukue. Kama ni kubeba begani, 130 ndiyo kiasi. Na kwa mwenye ndugu Marekani, Zhumell Z114, kioo cha 114 na fokasi 450, ni mdogo wa ukoo huu na hupatikana kwa bei ya chini zaidi.

2. Darubini ya macho mawili, 10x50 au 7x50

Hii ndiyo pekee unayoweza kuipima dukani mchana kweupe, na kwa hela ya Heritage moja utapata mbili au tatu. Itazame kwa mbali ukielekeza kwenye mwanga: vile viduara viwili vya nuru kwenye lenzi za kuchungulia viwe duara kamili. Vikiwa na kona, kama almasi, wamebania vioo vya ndani. Lenga antena iliyo mbali. Ukiona antena mbili, au kichwa kikaanza kugonga, irudishe. Zenye lenzi nyekundu kama damu ziache. Zenye kuzoom, "10-30x50", ziache haraka zaidi.

Ukiegemea ukuta utaona miezi minne ya Mshtarii, Kilimia kilichojaa nyota kuliko zile sita saba za macho matupu, na Omega Centauri, kundi la nyota ambalo watu wa Ulaya ya kaskazini hawalioni kabisa maana halichomozi kwao. Julai na Agosti, mbali na taa za mji, Njia ya Maziwa pande za kundi la nyota la Nge iko juu kabisa, na hapo macho mawili yanaishinda darubini nyingi za kuanzia.

3. Celestron StarSense Explorer LT 80AZ

Ya mtu wa mjini mwenye simu nzuri. Lenzi ya milimita 80, fokasi 900. Unaweka simu kwenye kishikio, kamera inasoma nyota, na programu inakuelekeza kwa mishale usukume wapi. Penye taa nyingi hadi nyota zimefutika, msaada huo si mdogo. Hakikisha kwanza simu yako imo kwenye orodha ya zinazokubaliwa. Bomba ni refu, na stendi ni ya miguu mitatu, kwa hiyo yale niliyosema juu ya utosi yanakuhusu. Usichanganye na dada yake, LT 114AZ. Ile ina kioo cha 114 na fokasi 1000 iliyobanwa kwenye bomba fupi kwa lenzi ya ziada ndani, na picha inalegea. PowerSeeker 127EQ ni mbinu hiyo hiyo, juu ya stendi ya ikweta. Hiyo ndiyo ya kuiacha dukani.

4. Celestron FirstScope

Kioo cha 76, fokasi 300, kilo mbili hivi. Ya mtoto, na kwa mtoto ni nzuri: unaiweka mezani, mwezi huo hapo. Ilitengenezwa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, 2009. Lenzi yake ya milimita 20 inafaa. Ile ya milimita 4 isahau. Pete za Zohali utazikisia tu.

5. Celestron Travel Scope 70

Inauzwa sana kwa sababu inakuja na begi lake. Begi zuri. Kiwiko chake cha kuchungulia kimepinda nyuzi 45, kinafaa kutazama twiga mbugani na kumtesa anayetazama juu. Ukiwa na stendi imara ya kamera inapona kiasi.

Kuhusu bei: nilizotaja ni za nje. Ukiagiza, ongeza usafiri, ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Orion, kampuni kubwa ya Marekani, ilifunga milango 2024. Darubini zake zilizotumika bado nzuri, lakini usimlipe mtu anayekuuzia "dhamana". Walio Nairobi watafute usiku wa kutazama nyota wa The Travelling Telescope, mradi wa Susan Murabana, wachungulie kabla ya kutoa hela. Ukionyeshwa Zohali huko, kumbuka tu kwamba pete zake zilikuwa zimelala kabisa Machi 2025, yaani zilitukabili kwa ukingo wake mwembamba, na sasa zinafunguka polepole.

Watu wa Pwani, Mombasa hadi Mtwara na visiwani: chumvi na unyevu vinakula kioo, na kuvu inaota kwenye lenzi. Hifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, utie vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vumbi likiingia, puliza. Usifute kioo kwa ncha ya khanga. Vumbi lenyewe linakwaruza.

Na ukikuta ndani ya boksi kichujio kidogo cheusi kilichoandikwa "SUN", cha kufungia kwenye lenzi ya kuchungulia, kivunje na ukitupe siku hiyo hiyo. Joto la jua hukipasua mtu akiwa anachungulia. Jua linatazamwa kwa kichujio maalumu kinachofunika mdomo mzima wa mbele wa darubini, au halitazamwi.