Uzoefu wangu na kolamu ya waksi ya mita 30: kwa waragi ni nzuri, ila hewa ndiyo adui yake

Kolamu ni mrija mrefu mwembamba ndani ya mashine ya kromatografia ya gesi: sampuli inageuzwa mvuke, gesi inaisukuma humo, na kila kemikali inatoka kwa wakati wake. Hii niliinunua kwa kazi moja tu, kupima methanoli, pombe yenye sumu, kwenye waragi, pombe kali ya Uganda. Maabara yetu ya hapa Kampala ni ndogo, na wateja wengi ni watengenezaji wa pombe wanaotaka kujua hali ya mzigo wao kabla haujaingia sokoni. Mwanzoni tulikuwa na kolamu isiyo polari peke yake, yaani ile ambayo utando wake wa ndani haushiki vizuri vitu vinavyopenda maji kama pombe. Ile kwa mabaki ya dawa kwenye nyanya sina neno nayo, lakini pombe inaipita mbio. Methanoli na ethanoli zinatoka zimeshikana, na ethanoli kwa wingi wake inamfunika mwenzake.

Ndipo tukaagiza ya waksi, yaani iliyopakwa polietilini glaikoli kwa ndani. Urefu mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25, unene wa utando wa waksi mikromita 0.25. Bei ilipita shilingi milioni 2 za Uganda, hapo bado usafiri na ushuru. Inakuja imeviringwa kwenye fremu ya waya, nyembamba kama uzi, rangi ya kahawia kwa ajili ya ngozi ya poliimidi inayoikinga isivunjike. Askari wetu wa getini aliichungulia akauliza, "Madamu, pesa zote zile ndiyo hii?" Ndiyo hii, mzee.

Wiki za kwanza nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya skrini. Tanuri linalopasha kolamu linaanza nyuzi 40, linapanda polepole: asetaldehaidi, ethili asetati, methanoli, ethanoli, kisha pombe nzito za nyuma, kila moja na kilele chake kwenye mchoro, chembamba kama mwiba. Kero ilikuwa kusubiri tanuri lirudi nyuzi 40 mchana wa jua kali wakati kiyoyozi kimezimwa. Unakunywa chai yote, bado linapoa.

Sampuli zenyewe zina tabia zake. Waragi ni maji kwa zaidi ya nusu, na maji yakigeuka mvuke yanafumuka mno. Mikrolita 1 inatosha kujaza kibomba cha kioo pale pa kudungia na kumwagika. Sasa nadunga nusu mikrolita, nyingi naitoa nje kabla haijaingia kwenye kolamu. Zile zilizotiwa sukari na rangi ni balaa zaidi, sukari inaungulia humo humo na kibomba kinatoka cheusi kama sufuria ya kuni. Tena, usitumie propanoli kama kilinganishi, yaani kitu unachotia kwa kiasi unachokijua ili upimie vingine. Waragi inayo yake kwa asili, itakudanganya. Mimi natumia 3-pentanoli.

Sasa habari ya kifo cha kolamu hiyo ya kwanza ya waksi. Ilikuwa jioni, tanuri likiwa nyuzi 220, umeme ukakatika. Mashine yetu inadhibiti gesi kwa umeme, kwa hiyo valvu zikafunga, na kolamu ikabaki moto bila naitrojeni, ile gesi inayosukuma sampuli, kupita ndani yake. Jenereta lilikataa kuwaka mpaka fundi alipokuja. Kesho yake mstari wa chini wa mchoro ulikuwa unapanda kama mlima kila joto lilipoongezeka, na methanoli imeegemea bega la ethili asetati. Nikakata nusu mita ya mbele ya kolamu, haikusaidia. Nikalaumu umeme.

Kumbe umeme ulikuwa na mwenzake. Tulipofunga kichujio cha oksijeni kwenye laini ya gesi, kitu ambacho tulikiruka ili kubana matumizi, kilibadilika rangi haraka mno. Ina maana waksi ilikuwa inaliwa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, na ule usiku ulimalizia tu. Kolamu isiyo polari ingevumilia zaidi. Hii haivumilii, na kikomo chake cha joto chenyewe ni karibu nyuzi 250 tu.

Ya pili tuliipokea kwa adabu. Kichujio kwanza. UPS ya mashine, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, ili gesi isisimame. Kabla ya kuwasha joto naiacha gesi ipite nusu saa, ncha ya pili nimeichovya kwenye kichupa cha methanoli nihesabu mapovu. Yasipotoka, kuna mahali panavuja au pameziba, na sigusi kitufe cha joto. Ncha naikata kwa kigae cha kukatia, halafu naitazama kwa lenzi. Ikiwa na meno meno, narudia, kwa sababu vilele vitakuja na mikia.

Ningeinunua tena? Kwa pombe, ndiyo, bila kusita. Kwa maabara isiyo na pesa ya kichujio na UPS, hapana, nunueni hivyo kwanza. Hii ya pili ina miezi 14, nimeikata mara tatu, imebaki mita 29 na kidogo, na methanoli bado inasimama peke yake.