Uzoefu wangu na msaada wa FEMA wa gharama za mazishi ya Covid

Maombi mapya kwa FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na majanga, yalifungwa tarehe 30 Septemba 2025, najua, lakini mpaka leo watu wananiuliza kama zile hela zilikuwa za kweli au maneno tu. Zilikuwa za kweli. Mimi nililipwa, na nitaeleza ilivyokuwa mana kuna watu wengi walikata tamaa njiani.

Mama alikuja Marekani kututembelea, viza ya matembezi, aje amuone mjukuu alafu arudi. Aprili 2020 akaumwa. Homa, kikohozi, pumzi zinakata, siku ya sita akafariki hospitali na sisi hatukuruhusiwa kuingia, niliongea nae kwenye simu aliyoshikiwa na nesi. Ndege zilikuwa zimesimama, kumsafirisha nyumbani haikuwezekana, tukamzika huku huku watu nane tu makaburini. Kampuni ya mazishi ilituchaji dola 7,150, jeneza, kaburi, gari, kuchimba, vyote humo. Kaka yangu ndo alisaini mkataba akalipia kwa kadi yake ya mkopo kwasababu mimi kazi ilikuwa imesimama.

Mwaka ukapita. Tarehe 12 Aprili 2021 FEMA wakaanza kupokea maombi, hadi dola 9,000 kwa kila marehemu, kwa vifo vya kuanzia tarehe 20 Januari 2020. Mi nilikuwa najua kabisa mama hahesabiki, yani mgeni wa viza, nani amlipie? Kumbe aliyekuwa anaangaliwa ni muombaji. Muombaji ilikuwa lazima awe raia, au mwenye grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), mkimbizi, aliyepewa hifadhi, watu wa namna hiyo. Marehemu haikuwa lazima awe raia, ila awe amefia Marekani. Hapo wengi walijiondoa wenyewe bila kuuliza mtu na inaniuma sana kila nikikumbuka.

Maombi yalikuwa kwa simu tu, hakukuwa na kujaza onlaini, na kama kiingereza kinakusumbua ulikuwa unaweza kuomba mkalimani. Dada aliyepokea alianza kwa kunipa pole, akaniuliza jina la mama, tarehe, gharama, namba yangu ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani), dakika kama ishirini hivi tukamaliza. Nikamuuliza sasa risiti zina jina la kaka itakuwaje, akasema muandikishe kaka kama muombaji mwenza kwenye ombi hilo hilo. Hii ni muhimu mana sisi kwenye misiba kila mtu anatoa mfukoni, huyu analipa gari huyu kaburi, alafu FEMA walikuwa wanataka kuona jina la muombaji kwenye risiti. Walikuwa wanapokea muombaji mmoja na mwenza mmoja basi.

Shida ikaja kwenye cheti cha kifo. Kiliandikwa nimonia na kushindwa kupumua, neno Covid halipo, mana wakati ule vipimo vilikuwa vichache na mama hakupimwa. Mwezi wa tano ikaja barua, cheti hakionyeshi Covid, una siku 60 za kukata rufaa. Nikaenda ofisi inayotoa vyeti wakanirudisha kwa daktari, hospitali wananambia daktari kahama, nikirudi ofisini wananambia bila daktari hakibadilishwi, wiki tano nazunguka hivyo na kila dirisha naanza upya kusimulia mama alivyokufa. Hakuna mtu anapaswa kupitishwa kwenye kitu kama kile.

Alafu tarehe 29 Juni 2021 FEMA wakabadilisha sharti. Kwa waliofariki kati ya tarehe 20 Januari na 16 Mei 2020, cheti si lazima kibadilishwe, inatosha barua iliyosainiwa na aliyethibitisha kifo, au mchunguzi wa vifo wa eneo lile, inayoeleza namna sababu zilizoandikwa zinavyohusiana na Covid. Nilimpata yule daktari jimbo lingine, kwa simu, akamkumbuka mama! Akaandika barua siku ile ile. Nikatuma zimebaki siku kumi na moja za rufaa.

Kwenye risiti kampuni ilikuwa imekosea herufi za jina la mama, ikabidi watoe nyingine, hilo halikuchukua muda. Tukaongeza na risiti ya jiwe la kaburi, dola 1,300, tulilinunua baadae kwa jina langu, nalo likahesabiwa.

Michango je? Ndugu na watu wa kanisa walichanga dola 2,300 na walisema wazi ni ya mazishi. Niliitaja, ikakatwa, mana walikuwa hawalipi kitu ambacho kimeshalipwa na mwingine. Bima ya maisha ndo ilikuwa haikatwi, bima ya mazishi ilikuwa inakatwa. Kuna mtu alinishauri nifiche mchango, sikukubali, ile ni hela ya msiba wa mama yangu.

Kwahiyo 7,150 jumlisha 1,300 ni 8,450, toa 2,300, ikaingia benki dola 6,150. Ilikuwa Oktoba. Sikuwa nimemwambia kaka kama imeingia, nikalipa moja kwa moja kwenye kadi yake, alafu nikampigia simu. Alinyamaza muda mrefu, mana riba ya ile kadi alikuwa anailipa mwaka mzima na nusu na hakuwahi kutuambia.

Na kama kuna mtu anakupigia sasa hivi anasema anakusajili kwa hela hizi, anataka namba ya Social Security au ada kidogo, kata simu. Usajili umefungwa, na hata ulipokuwa wazi FEMA hawakuwa wanakupigia kabla wewe hujawapigia, na hakukuwa na ada yoyote.