Kompyuta ya mezani baada ya miaka sita ya kompyuta mpakato

Kwa miaka sita kazi yangu ya kupanga kurasa za vitabu niliifanya kwenye kompyuta mpakato yenye kioo cha inchi 14, hadi mwaka jana nilipokwenda Kariakoo kununua Dell OptiPlex 7060 iliyotumika, ambayo sasa ndiyo mashine yangu kuu.

Zote mbili zimeandikwa Core i5 (jina la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta) za kizazi cha nane, na mnunuzi asiyeuliza zaidi ataziona sawa. Hazilingani. Ya mezani ina i5-8500 yenye viini sita (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa), iliyotengenezwa kwa wati 65, ilhali mpakato ina i5-8250U yenye viini vinne na wati 15 ili betri idumu na joto lisizidi. Kwa kuandika barua tofauti hiyo huioni. Lakini ninapogeuza kitabu cha kurasa 300 chenye picha kuwa PDF, mpakato huanza kwa kasi, feni ikavuma, kisha mwendo ukapungua kwa sababu ya joto, wakati ile ya mezani huenda kwa mwendo uleule hadi mwisho.

Katika matengenezo ndipo nilipokata shauri. Kibodi ya mpakato ilipomwagikiwa chai, fundi alilazimika kufungua karibu kila kitu cha ndani, na gharama yake ilinifanya nijute kuipenda chai. Kibodi ya mezani ikifa, nachomoa na kuchomeka nyingine. Kifuniko cha OptiPlex hufunguka bila bisibisi, vumbi la Dar es Salaam hupulizwa kwa dakika chache, na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, niliiongeza mwenyewe.

Udhaifu wake ni umeme. Siku ya tatu tu ulikatika nikiwa sijahifadhi sura nzima, na kazi ya asubuhi ikapotea; betri ya mpakato ilikuwa imenizoesha vibaya. Kwa hiyo gharama ya UPS, kifaa chenye betri kinachoiwezesha kompyuta kuendelea kwa muda umeme ukikatika, ihesabiwe tangu dukani, pamoja na kioo, kibodi na kipanya, kwani bei unayotajiwa mara nyingi ni ya kasha peke yake. UPS yangu ndogo hunipa muda wa kuhifadhi na kuzima tu, huku ikilia kama kifaranga aliyepotea. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, na hana sola wala jenereta, anunue mpakato bila kusita.

Aina yoyote utakayochagua, usishuke chini ya kizazi cha nane hata bei ikishawishi, kwa kuwa Windows 11 haizitambui rasmi Core i5 nyingi za nyuma ya hapo, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Mpakato sikuiuza. Huitoa kwenye mkoba siku za kwenda kiwandani kukagua nakala za majaribio, ambako betri yake iliyochoka hunivumilia kama dakika 40, zinazotosha kabisa kurekebisha jalada.